Chumba cha Poda, Jumamosi Saa Kumi

Ufunguo wa chumba cha poda nilikuwa nao mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisimulia kisa cha Saa Mbili humtukana bosi wetu, kisha huitukana kampuni ya sabuni, halafu wakifika kwangu wanaanza kunionea huruma, eti Mama Poda wa watu alikuwa mfanyakazi tu, angefanya nini. Wasinionee huruma. Mlango ule niliufunga kwa mkono wangu huu huu, nikatia ufunguo mfukoni, nikakaa.

Saa Mbili si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la mtaani. Kwa miaka kumi na minne alisoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mpaka watoto wakimwona sokoni wanaambiana, "Saa Mbili huyo anapita." Kuna mzee mmoja alimsimamisha barabarani mchana kweupe, akamtazama usoni, halafu akatazama saa yake ya mkononi na kuitikisa. Yeye alicheka wiki nzima.

Alipoingia kituoni hakuwa mtu wa kuonekana. Alikuwa sauti tu, anasoma matangazo ya waliopotea, waliofariki na waliofaulu mitihani, huku kwenye skrini kukiwa na picha ya maua. Miaka mitatu alikaa nyuma ya maua. Siku moja msomaji mkuu alipotelewa na sauti saa moja na nusu, robo tatu ya ofisi wakawa wanakimbia huku na huku kama kuku, nami nikaletewa msichana mwembamba nimpake poda haraka. Shingo yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tulia, la sivyo nitakuchora nyusi tatu." Koti alilovaa lilikuwa la yule kaka wa utabiri wa hali ya hewa, tumelibana kwa nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alisoma habari ya daraja lililosombwa na maji kama mtu anayewaambia ndugu zake, na kesho yake simu za watazamaji zilikuwa zinaulizia yule dada ni nani. Msomaji mkuu alipopata nafuu alikuta kiti kina mwenyewe.

Baba yake alikuwa dereva wa treni mstaafu, aliyefiwa na mkewe, anaishi upande wa pili wa mji na binti yake mdogo ambaye ni mshonaji. Mtu wa saa kwelikweli, mzee yule. Zamani, binti mkubwa alipokuwa mdogo, alikuwa anapelekwa stesheni kumwona baba yake akipita na treni, na kwa sababu ya kelele za injini hawakuweza kusikilizana, basi mtoto alikuwa anavuta ndewe ya sikio la kushoto, na baba huko juu anavuta lake. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yao na marahaba yao.

Sasa hiki kipindi cha burudani. Miaka sita iliyopita watazamaji walianza kutukimbia, bosi akasema tunataka sura inayoaminika, lakini inayocheza. Saa Mbili alikataa. Alisema, "Bosi, mimi nikisoma habari za msiba usiku, mchana nitakata viuno kwa uso gani?" Bosi akamjibu, "Huo huo. Utabadilisha viatu tu." Alichukua siku tatu kuwaza, akakubali, na Jumamosi saa kumi jioni akatoka na viatu vyekundu akacheza, akahoji wanamuziki, akapokea simu za watazamaji na kugawa zawadi za kampuni ya sabuni. Watu walimpenda maradufu. Mwanzo wa kila kipindi na mwisho wake alivuta ndewe ya sikio la kushoto, na mji mzima ulidhani ni madaha. Mimi nilijua ni salamu ya nani.

Mwanzoni kipindi kilikwenda moja kwa moja kweli. Kisha mwezi wa pili mwanamuziki mmoja akaja amelewa chakari, akaangukia ngoma zake mwenyewe mbele ya nchi nzima. Watu wa sabuni walikasirika. Bosi akaamua tuwe tunarekodi Alhamisi, tukate yasiyofaa, turushe Jumamosi. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba yale maandishi mekundu ya pembeni, MOJA KWA MOJA, aliyaacha palepale, kwa kuwa ndiyo sabuni iliyokuwa inalipia. Hata wapiga simu tuliwapigia sisi Alhamisi, tukawafundisha kusema "habari za Jumamosi." Wote tuliapishwa na kutia saini tusiseme, hata nyumbani.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ina kazi. Saa tisa ya Jumamosi alikuwa na muhtasari wa habari, huo mubashara wa kweli, kwa hiyo ilibidi aonekane vilevile alivyorekodiwa Alhamisi: gauni lile, hereni zile, kila msuko mahali pake. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa alilala kwa kukaa nusu, kichwa nimekifunga wavu. Ukucha ukivunjika Ijumaa, nilihangaika nao kama fundi wa saa. Halafu kuanzia saa tisa na robo mpaka saa kumi na moja na nusu asionekane na kiumbe yeyote. Kwenye korido haendi wala dirishani hachungulii. Mara moja alichomoka kwenda kununua soda, mlinzi wa getini, televisheni yake ndogo ikiwa wazi, akamtazama juu mpaka chini akauliza, "Dada, sasa kule ndani nani anacheza?" Toka siku hiyo bosi akaniletea ufunguo.

Basi kila Jumamosi tulijifungia. Tunavua viatu, tunamwaga karanga kwenye kifuniko cha boksi la poda, tunamtazama yeye mwenyewe kwenye televisheni ndogo ya ukutani na kumsema vibaya. "Mwone anavyojishebedua huyo," anasema. Miaka mitano na zaidi. Sitadanganya, nilizipenda Jumamosi zile kuliko sikukuu.

Siku moja alinisimulia, akicheka, kwamba mdogo wake kamwambia Baba huoga saa tisa kila Jumamosi, anavaa shati lililopigwa pasi, anafunga vifungo mpaka shingoni, ndipo anakaa mbele ya televisheni. Akiulizwa, anasema huwezi kusalimiwa na mtu aliye kazini ukiwa na fulana. Wanapotaka kumwalika binti mkubwa chakula cha Jumamosi, mzee huwakatiza, "Mwacheni, Jumamosi hawezi. Kazi ni kazi."

Nikamwuliza, "Kwa nini usimwambie tu? Ni baba yako, si gazeti."

"Nikimwambia ataacha kuvaa shati," alisema. Akacheka, lakini karanga hakugusa tena siku ile.

Sasa Jumamosi yenyewe. Mzee alikuwa wodini wiki ya pili, kifua na moyo. Saa nane na dakika arobaini Saa Mbili yuko kwenye kiti changu, simu ikaita. Ni mdogo wake. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, nikasikia yote.

"Dada, najua una kazi. Daktari kapita. Anasema kama kuna ndugu wa mbali waitwe."

"Baba anaongea?"

"Anaongea. Tangu asubuhi anakuulizia, halafu anajijibu mwenyewe, leo Jumamosi. Kipindi kikiisha uje, dada. Ukimaliza tu."

Dakika ishirini baadaye alikuwa anasoma muhtasari. Nilisimama nyuma ya kamera nikamwangalia. Hakukosea hata neno. Ila mkono wa kulia, chini ya meza ambako kamera haifiki, ulikuwa umeshika kitambaa cha gauni, na gauni lile tulitakiwa kulilinda mpaka jioni. Alirudi chumbani anatembea haraka.

"Nifungulie mlango wa nyuma, dada yangu. Hospitali ni nusu saa."

Kabla sijajibu, bosi aliingia. Mdogo wake alikuwa amepiga simu mpaka mapokezi. Bosi hakuwa shetani, niseme haki. Alikaa kwenye kiti, akasema pole, akasema hata yeye alifiwa na mama yake akiwa kazini. Halafu akasema wakubwa wa sabuni wako chini, chumba cha wageni, wamekuja leo kutazama kipindi, na mkataba unasainiwa kipindi kikiisha. "Kila mtu hospitali ile anakujua. Ukikanyaga pale saa kumi na wewe uko hewani, kesho hatuna kituo. Watu themanini hawana kazi. Saa kumi na moja na nusu dereva wangu atakupeleka, na gari langu. Mzee wako ni mtu wa saa, atangoja."

Saa Mbili alisema, "Na asipongoja?"

Bosi alinitazama mimi, akatoka. Nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Nikaufunga mlango.

Msiniulize kwa nini kama vile hamjui. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, kazi nyingine siijui, na nilikuwa nimetia saini. Nilijiambia masaa mawili si kitu, wagonjwa wangapi wameambiwa wanakufa wakaishi kuwazika madaktari. Niliweka karanga mezani. Ujinga gani ule, kumwekea mtu karanga.

Saa kumi kamili televisheni ya ukutani ikapiga muziki, akatokea yeye, gauni lile, viatu vyekundu, anacheka, anavuta sikio. Na yeye mwenyewe amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama. Hakumsema vibaya siku hiyo. Kwenye skrini alisema, "Leo nina furaha, sijui kwa nini!" Nikanyoosha mkono kupunguza sauti, akanizuia.

"Iache. Anaisikia hii hii sasa hivi."

Saa kumi na dakika tisa simu ikatetema. Ujumbe wa mdogo wake. Aliusoma, akanipa. Umeandikwa: *Baba ameamka. Tumemvalisha shati juu ya nguo za hospitali, alikataa kutazama bila shati. Kavuta sikio. Anauliza, wakati wa matangazo ya sabuni huwa mnaruhusiwa kupiga simu? Nikamwambia sijui.*

Niliusoma mara mbili. Nikaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Mzee anakata roho anaomba ruhusa ya dakika mbili za tangazo, na binti yake hana kazi yoyote ya kufanya duniani, amekaa kwenye kigoda, na kinachomzuia ni mimi. Kinyume na nilivyojifikiria miaka yote, sikuwa rafiki yake pale chumbani. Nilikuwa askari jela anayekula na mfungwa.

Nikasema, "Kaa hapa kwenye mwanga."

Nilimfuta uso kwa mafuta kwa mikono miwili, nyusi, midomo, vyote, kwa haraka ambayo sijawahi kuifanya. Hereni nikazitoa. Misuko nikaifunga kilemba. Nikamvisha koti la bluu la yule mama wa usafi, na ndala zangu. Alipotazama kioo alikuwa mwanamke yeyote wa umri wake aliyechoka. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ilikuja kuniumiza mbele.

Nilifungua mlango, tukashuka ngazi za nyuma. Mlinzi wa getini alikuwa amezama kwenye televisheni yake, anamcheka Saa Mbili, na Saa Mbili akampita hatua mbili. Tulipanda pikipiki moja watu watatu, mimi nyuma kabisa kwa unene wangu huu, nikimshika kiuno na kuomba dua zote ninazozijua. Kila duka tulilopita lenye televisheni lilikuwa na sauti yake. Kwenye taa za barabarani tulisimama, ikatufikia kutoka kwa kinyozi, anataja zawadi. Dereva akasema, "Huyu mama hazeeki," akaiondoa pikipiki. Saa kumi na dakika arobaini na moja tulikuwa mlangoni pa wodi.

Wodi ya vitanda vinane, televisheni juu ukutani, wagonjwa wamegeukia huko, nesi naye kasimama na trei. Mzee alikuwa kitanda cha mwisho, kaegemezwa mito miwili, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, mrija wa hewa puani. Mdogo mtu alitutazama kama watu waliopotea wodi. Halafu akamtambua dada yake. Akageuka akatazama televisheni, akatazama tena dada yake. Mdomo ulibaki wazi, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya furaha.

Saa Mbili alikwenda moja kwa moja kitandani, akainama. "Baba, nimekuja."

Mzee hakumtazama. Macho yalikuwa juu ya bega lake. Akainua mkono kidogo, ule wenye sindano ya dripu, akampungia kwa adabu.

"Pisha kidogo, nesi," alisema. "Unanikinga. Mwanangu yuko hewani."

Nilikuwa miguuni pa kitanda na nilimwona Saa Mbili uso. Aliuma midomo, akasogea pembeni, akampisha yeye mwenyewe wa kwenye skrini.

Mdogo mtu alishika rimoti azime. Mzee akaanza kuhema, mkono unatafuta hewani, "Msimzime, msimzime." Saa Mbili akasema, "Mwache atazame." Akavuta stuli, akakaa, akaushika ule mkono usio na sindano. Mzee aliacha ushikwe, kama unavyomwachia nesi. Kwa muda wote huo sauti ya Saa Mbili ilikuwa inacheka juu ukutani, na wagonjwa mmoja mmoja walianza kugeuka. Kijana mwenye mguu wa plasta aliinua simu akapiga picha, Saa Mbili kando ya kitanda na Saa Mbili kwenye skrini. Picha ile ndiyo iliyotufukuzisha kazi sote wawili wiki iliyofuata, na hata bosi hakumaliza mwezi. Saa ile hakuna aliyejali, yeye wala mimi. Nilichotaka ni mzee asifumbe macho kabla hajajua ni nani aliyemshika mkono.

Saa Mbili hakutazama skrini. Alikijua kile kipindi, alikuwa anakihesabu. Ilipobaki dakika moja alisimama, akaenda akasimama chini ya televisheni kabisa, akavua kilemba. Juu yake yule wa Alhamisi alisema kwaheri, akavuta ndewe ya sikio la kushoto. Chini, yeye akavuta lake.

Mzee mkono ulikuwa tayari sikioni. Ukasimama pale. Alitazama juu, akatazama chini, polepole, kama mtu anayesoma ishara za reli. Muziki ukaisha, wakaja watu wa tangazo la sabuni, na wa chini alikuwa bado yupo.

"Njoo," alisema.

Akaja. Mzee akamgusa shavu, akatazama vidole vyake. "Leo hawakukupaka."

"Hapana, Baba."

"Umetoka saa ngapi huko?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. Alipiga magoti pale sakafuni akasema, "Ile ni ya Alhamisi, Baba. Zote huwa za Alhamisi. Wanaandika tu kwamba ni sasa."

Dereva wa treni akafikiri. Ungeona anazihesabu Jumamosi zile, miaka mitano, wiki kwa wiki. "Na Jumamosi unakuwa wapi?"

"Nakaa chumbani na Mama Poda huyu, nisionekane. Tunakula karanga."

Alinitazama. Nilitamani sakafu ipasuke. Sikuona hasira machoni mwake, na afadhali ningeiona. Kisha akamgeukia binti yake mdogo, akamwomba amfungue kifungo cha shingoni. Na cha pili. Mdogo mtu alivifungua, mzee akavuta pumzi.

"Ungekuja tukala wote," alisema.

Saa Mbili aliweka kichwa kitandani, na mzee akaweka mkono juu ya misuko ile niliyoilinda siku tatu, akaivuruga. Aliishi mpaka Jumatatu asubuhi, na binti yake hakutoka pale. Mimi sikuweza kusimama zaidi. Nilitoka nje ya geti la hospitali, kuna mama anauza karanga kwenye beseni, akaniuliza nataka mafungu mangapi. Nikamwambia anipe zote.